Zamu ya Akina Tarqui

Nicanor Tarqui alirudi Vilakollo, kijiji chetu cha milimani, asubuhi ya jalidi, akamkuta dada yake peku juu ya viazi.

Viazi vilikuwa vimetandazwa juu ya nyasi kavu nyuma ya nyumba. Baridi ya usiku ilikuwa imeviuma, jua la mchana limevilainisha, na sasa Basilia alivikanyaga ili vitoe maji na kukaushwa kwa akiba, visigino vyake vikigeuka huku na huku bila haraka, kama mtu anayecheza ngoma asiyoipenda sana. Maji meusi yalichirizika kati ya vidole vyake. Alimwona mtu akishuka mteremko na begi la mjini begani. Alimtambua kwa mabega, akaendelea kukanyaga. Kwenye kona pana jiwe ambalo hata kondoo wetu hulizunguka. Mtu yule akajikwaa hapo hapo.

"Umesahau hata mawe," Basilia alisema. Hayo ndiyo yaliyokuwa maamkizi.

"Hujambo, dada."

"Ndivyo unavyoniona."

Nicanor aliweka begi chini, akavua viatu, akakunja soksi na kuzitia ndani ya viatu. Kisha akapanda juu ya viazi. Nyayo zake zilikuwa laini kama unga uliokandwa, na baridi ilipompata alivuta pumzi kwa nguvu. Wakakanyaga, yeye upande huu na dada yake upande ule, mpaka jua likapanda. Aliyewaona kwa mbali angedhani ni ndugu wanaopatana.

Kwetu ardhi haina bei, ina zamu. Kila nyumba inayolima, mwaka wake ukifika, hubeba fimbo ya jamii: huamua ugomvi, hutembelea mawe ya mpaka, hulinda mazao ya wote. Manispaa ina meya wake na ofisi yake yenye bati jekundu, na tunamheshimu, lakini mvua ya mawe haimjui meya. Inawajua wenye fimbo. Na fimbo haibebwi na mtu mmoja. Huwa ni wawili, mwanamume na mwanamke, na kwa mwaka mzima tunawaita tata, yaani baba, na mama, hata kama ni vijana kuliko watoto wetu. Mume huvaa mavazi ya zamu pamoja na mkewe. Mgane huvaa na binti yake. Mjane huvaa na mwanawe au na ndugu yake. Mtu mmoja, wazee walisema, ni mguu mmoja: unaweza kusimama lakini hauendi. Nyumba inayoshindwa kubeba zamu yake haipewi nafasi nyingine. Mashamba yake hupewa wenye mabega ya kuyabebea.

Basilia alikuwa mjane, na mumewe hakumwachia mtoto. Mashamba yalikuwa ya wazazi wake, naye aliyalima kwa mikono yake tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi. Zamu ilipokaribia, alipanda kilima ambako simu hushika, akampigia mdogo wake aliyekuwa akishona nguo Buenos Aires.

"Zamu yetu imefika," alimwambia. "Kama unakuja, njoo. Kama huji, niambie leo."

"Nakuja."

Basilia hakulitarajia jibu hilo. Mama yao alipofariki Nicanor hakuja. Alituma salamu za msiba kwa mdomo wa mchuuzi mmoja, nazo zilifika nyasi zikiwa zimeshaota juu ya kaburi. Basilia alizipokea, akamshukuru mchuuzi, akampa supu. Tangu siku ile hakulizungumza jambo hilo na mtu. Alilifunika kama makaa yanavyofunikwa kwa jivu: hayawaki, lakini pia hayazimiki.

Kuna la pili ambalo msomaji wa mbali huenda asilijue. Wenye fimbo hujibu kwa ajili ya mbingu. Tata na mama wakikosana, mvua ya mawe husikia. Usituulize inasikiaje. Muulize aliyeliacha shamba lake asubuhi likiwa na maua ya zambarau, akarudi alasiri akakuta vijiti. Ndiyo maana wakati mazao yanapokua, watu wetu hutazama mawingu kwanza, kisha hutazama nyuso za wenye fimbo.

Mwezi wa Januari wakavikwa. Aliyemaliza mwaka wake, Emeterio Laime, alimvisha Nicanor poncho nyekundu, joho la sufu lisilo na mikono, na kumzungushia mjeledi kifuani. Mkewe, Herminia, alimfunga Basilia mgongoni kitambaa cha awayu chenye majani ya koka ya sadaka ndani. Herminia ni mwanamke ambaye ulimi wake haujapata likizo. Alipofika kwenye fundo, akainama sikioni mwa Basilia.

"Kama una la kumwambia ndugu yako, mwambie sasa, sijakaza. Nikikaza, ni mpaka mwaka uishe."

"Sina la kumwambia."

"Haya," Herminia alisema, akikaza. "Hilo ndilo baya kuliko yote."

Siku hiyo hiyo jamii nzima ilitoka kutembelea mawe ya mpaka. Desturi ni kwamba tata hutangulia, mama humfuata nyuma kidogo upande wa kushoto, na watu wote nyuma yao. Kwenye kila jiwe tata huweka mkono na kulitaja jina, na mama hunyunyiza koka. Nicanor alianza vizuri, mbele, poncho ikipepea. Njia ilipoingia kwenye vichaka akapunguza mwendo. Akainama kufunga kamba ya kiatu, Basilia akampita. Akamfikia, wakaenda kidogo, kamba ikafunguka tena. Tulipofika kilima cha tatu kila mtu alishaona: mama yuko mbele, tata yuko nyuma kama mkia.

Shamba la Florencio Sirpa linapakana na la akina Tarqui, na zamu yake ndiyo iliyokuwa ikifuata. Si mtu mbaya. Ana wana wengi na ardhi kidogo, na ardhi kidogo humzoeza mtu kutazama ng'ambo ya ukuta. Yeye ndiye aliyesema, kwa sauti ya kutosha:

"Mama Basilia, huyo ni tata wetu au ni mzigo ulioudondosha njiani?"

Watu wakacheka. Basilia alisimama, akageuka.

"Tembea mbele," alimwambia nduguye.

"Tangulia tu, dada."

"Leo mimi si dada. Mimi ni mama na wewe ni tata. Tembea mbele."

"Tangulia. Nakufuata."

"Ndivyo ulivyo." Sauti yake haikupanda, ilishuka, nasi tuliokuwa karibu tulitamani ingepanda. "Kila kitu atangulie Basilia. Kulima, atangulie Basilia. Kumzika mama, atangulie Basilia. Wewe utafuata, nyasi zikishaota."

"Siyo hapa, dada."

"Wapi basi? Buenos Aires?"

Hapakuwa na aliyecheka. Emeterio Laime alivua kofia yake, akatazama magharibi. Mmoja baada ya mwingine, sote tukainua macho.

Juma halikuisha. Alasiri moja wingu lilitokea nyuma ya milima, tumbo lake jeupe, na ndani yake mlio kama wa mikokoteni kwenye changarawe. Wingu la namna hiyo likionekana, wenye fimbo ndio hupanda kilima kabla ya wengine wote, wawashe moshi na kupuliza baragumu, ili wingu lipite kando. Basilia alikimbia na kikapu cha samadi kavu ya lama, wanyama wetu wa mizigo. Nicanor alikuja nyuma yake na pembe ya ng'ombe kifuani, akianguka na kuinuka.

Juu ya kilima Basilia alipiga magoti kwenye moto, akauchochea mpaka moshi ukatoka.

"Puliza," alisema.

Nicanor akapuliza. Pumzi haikuwa imemwacha. Pembe ililia vizuri, ndefu na nzito, kama ya baba yao. Lakini alikuwa ameielekeza kaskazini, kwenye anga tupu la samawati.

"Unampulizia nani huko? Unaliamsha jua?"

"Liko wapi?"

"Nini?"

"Wingu, dada. Liko upande gani?"

Basilia alidhani anafanyiwa mzaha. Wingu lilikuwa limekwisha kula nusu ya dunia. Alisimama, akamwendea nduguye, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ya viazi. Macho yalikuwa wazi, safi, matulivu kama maji ya mtungini, na hayakuwa yakitazama chochote.

"Mimi unaniona?"

"Wewe naona rangi yako. Wekundu chini, weusi juu. Ukisogea, najua ni wewe." Alitabasamu kidogo kama mtu aliyekamatwa na kitu kidogo cha wizi. "Vya mbali sivioni. Kila kitu cha mbali kimeshakuwa wingu."

"Tangu lini?"

"Kule karakana taa ilikuwa moja na cherehani nyingi. Huwezi kuijua siku."

"Na juzi, kwenye mawe?"

"Nilikuwa nikifuata sauti ya sketi zako."

Upepo ukageuka, ukaleta harufu ya barafu.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ungeniita?"

Basilia alimshika mabega, akamgeuza magharibi, kama unavyomgeuza mtoto aangalie kamera. Mabega yalikuwa membamba ndani ya poncho. "Hapo," alisema. "Hapo hapo. Sasa puliza."

Akapuliza. Moshi ukapanda, ukapigwa chini, ukapanda tena. Kisha mvua ya mawe ikashuka, kwanza kama mbaazi, halafu kama mayai ya kware, na wawili hao wakaketi wameinama chini ya poncho moja, migongo yao ikipigwa, wakisikiliza mashamba ya bonde la chini yakifa. Mashamba ya juu yaliachwa. Ikiwa ni pembe au ni upepo, sisi tuna maoni yetu.

Asubuhi iliyofuata tulikutana uwanjani, mbele ya kanisa. Barafu ilikuwa bado kwenye kivuli cha ukuta, chafu, imeshikana. Emeterio Laime, kwa kuwa ndiye aliyemaliza zamu, alisimama kuuliza swali ambalo huulizwa siku kama hiyo.

"Tata. Mama. Ndani ya poncho na ndani ya awayu, ninyi ni kitu kimoja?"

Anayedanganya kwa swali hilo humdanganya aliye juu, si Emeterio, na majira ya mvua ya mawe yalikuwa hayajafika hata nusu. Lakini sote tulijua ni jibu gani lingeokoa mashamba ya akina Tarqui. Basilia naye alilijua. Alikuwa ameliandaa tangu alipowasha moto alfajiri: neno moja fupi, la kusemwa huku macho yakitazama mbele. Alifungua mdomo, na kinywani hakukuta lile alilokuwa ameliandaa. Alikumbuka mabega yale membamba. Akakumbuka pia jeneza, na mtu wa nyumba nyingine akilishika mbele. Vitu viwili, na kimoja hakikukifuta kingine.

"Bado," alisema.

Minong'ono ikapita. Florencio Sirpa alijiweka sawa, ingawa uso wake haukuwa na furaha. Viazi vyake vilikuwa vimelala bondeni. Hapo Nicanor akasimama, mkono mmoja ukipapasa ukuta.

"Na mimi nina neno. Mnaona sitangulii. Si kiburi. Macho yangu yameisha. Dada yangu hakujua mpaka jana. Kuficha ni kosa langu."

Akina mama walitazamana.

"Basi jambo limekwisha," Florencio alisema, kwa upole. "Tata asiyeyaona mawe ya mpaka atayalindaje? Sisemi kwa ubaya, Nicanor. Wewe ndiye uliyenishonea suruali ya harusi yangu."

"Ilikutosha?"

"Ilinibana."

"Ulikuwa unakula sana."

Kicheko kilichotoka kilikuwa kikubwa kuliko mzaha wenyewe, kwa sababu watu walikuwa wamekaa na pumzi zao tangu jana. Herminia hakungoja kiishe.

"Mimi na Emeterio tumevaa mwaka mzima. Niulizeni tulikuwa kitu kimoja siku ngapi."

"Hujaulizwa," Emeterio alisema.

"Ndiyo nasema kabla sijaulizwa. Sisi tulikuwa tukijibu ndiyo, na barafu ikatupiga maharage. Huyu kasema bado. Mimi kwa upande wangu naona angalau kuna mtu anayesikika."

Wazee walizungumza mpaka kivuli cha ukuta kikaondoka na barafu yake. Uamuzi ulikuwa hivi: wakati wa sherehe za kanivali mawe ya mpaka hutembelewa mara ya pili. Tata atatangulia, kama ilivyo desturi, kuanzia jiwe la kwanza hadi la mwisho. Hatashikwa mkono wala kuvutwa poncho, kwa sababu fimbo haiongozwi kama ng'ombe. Akifika, watabeba mpaka mwaka uishe. Asipofika, fimbo itakwenda kwa Sirpa, na mashamba yatafuata fimbo.

Waliporudi nyumbani Basilia alipika supu, akaweka bakuli mbele ya nduguye. Baada ya kitambo akalisogeza karibu zaidi na mkono wake, akasema: "Liko hapo, kulia." Hayo tuliyajua baadaye, kwa Herminia, ambaye alikuwa amekuja kuazima chumvi.

Kanivali ikafika na ngoma zake na filimbi zake. Lama walivishwa nyuzi za sufu masikioni, viazi vya mashamba ya juu vilikuwa vimechanua, na bondeni watu walikuwa wamepanda shayiri mahali pa vile vilivyokufa. Tukakusanyika kwenye jiwe la kwanza. Nicanor alisimama mbele. Basilia alisimama nyuma yake, kushoto, na mikono yake akaishikisha kwenye fundo la awayu kifuani, ili kila mtu aione. Florencio Sirpa alichukua nafasi karibu nao, na hakuna aliyemlaumu. Ilikuwa haki yake kutazama.

"Nenda," Basilia alisema.

Nicanor akaenda.

"Jiwe. Pita kulia. Tena jiwe. Mfereji mdogo, ruka."

Alisema kwa sauti ya chini na kavu, kama mtu anayeswaga maksai. Nicanor alienda kwa neno, akasimama kwa neno. Tulinyamazisha filimbi ili asikie. Kwenye jiwe la mpaka aliweka mkono, akalitaja jina lake, na majina aliyajua yote. Hayo hakuwa ameyapoteza.

Lakini njia ni ndefu, na amri huchosha ulimi kuliko mazungumzo. Baada ya kilima cha pili sauti ya Basilia ilianza kulegea.

"Ukuta wa Laime upande wako wa kulia. Usiogope mbwa, yule mkali alikufa."

"Yule mweusi?"

"Huyo. Sasa kuna mjukuu wake, mpumbavu. Hatua fupi, panateleza. Hapa palikuwa na mti wa kishwara, watoto wa Colque walipooa wakaukata wajenge paa."

"Paa likawaje?"

"Linavuja. Jiwe, kushoto."

Nyuma mtu mmoja akanong'ona: "Hao ndio waliokuwa hawasemeshani?" Mwingine akajibu: "Leo nani atawanyamazisha?" Na kweli walikwenda hivyo, mbele yetu, poncho nyekundu na awayu ya rangi zote, hatua kwa hatua, neno kwa hatua, kana kwamba mmoja alikuwa akifuma na mwingine akivaa papo hapo.

Kisha njia ikageuka kushuka kwenye ukuta wa makaburi, na Basilia akanyamaza.

Nicanor alikuwa ameshainua mguu. Hakupata neno la kuuweka, akabaki hivyo, mguu hewani, mikono imetanuka kidogo chini ya poncho. Watu wote wakasimama. Mawe yaliyobaki yalikuwa mengi, na mteremko pale ni mbaya hata kwa anayeona. Tulimwona Basilia akiubana mkono wake kwenye fundo mpaka vifundo vya vidole vikawa vyeupe. Angeweza kusema kushoto, angeweza kusema jiwe, na ingetosha. Florencio Sirpa, aliyekuwa karibu kuliko wote, alitazama chini.

"Ukuta wa makaburi," Basilia alisema hatimaye. "Mkono wako wa kushoto. Njia inashuka. Hapa ndipo walipomtua mama, wabebaji wapumzike. Siku hiyo palikuwa na tope. Jeneza lilikuwa jepesi, tope ndilo lililokuwa zito."

Nicanor aliuweka mguu chini, polepole.

"Halafu?"

"Halafu wakamwinua. Hapo mbele pana mtaro, hatua ndefu. Emeterio ndiye aliyeshika mbele. Mahali pako."

Akauruka mtaro. Alitua vibaya, akayumba, na mikono ya Basilia ikaachia fundo, ikabaki hewani bila kumgusa, mpaka alipopata usawa wake. Florencio alipunguza mwendo. Akawashika wanawe mabega, akawazuia, akaacha nafasi pana kati yetu na wale wawili, hata tukawa hatusikii tena maneno yote, ila sauti tu, ya chini, isiyokatika, na kila mara ilipofika mwisho wa jambo, ile sauti nyingine, ya mtu aliyeshainua mguu:

"Halafu?"